Mbwa Mkubwa wa Kulinda Mbuzi: Mbele ya Kugusa Kese ya Koperative



Tangu tulipoanza masomo ya ufugaji wa mbuzi, kuko swali moja ambalo linarudi karibu katika kila mkutano. Mtu anainua mkono kule nyuma kabisa, anasema: "Agronome, mbuzi wetu wanaisha. Kwa nini koperative isitununulie wale mbwa wakubwa wa rasi?" Kisha kijana mmoja anatoa telefone na picha inazunguka: mbwa mrefu sawa ndama, kichwa kipana, shingo nene. Watu wanashangaa, wanacheka, na wengine wanaanza kuhesabu feza.

Swali hili ni la maana. Mbuzi anayeibiwa usiku ni minervali ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni mchango wa mwezi ambao hautaingia. Lakini mbwa wa rasi naye anauzwa kwa dola, na mara nyingi bei ya mtoto mmoja wa mbwa ingetosha kununua mbuzi kadhaa. Tena akishafika, anakula kila siku, ikiwa mvua imenyesha ao haikunyesha. Kwa hiyo mbele ya kugusa kese, tuwajue kwanza hawa mbwa: wametoka wapi, wanafanya kazi namna gani, na ndani yao ni kitu gani hasa kinacholinda mbuzi.

Mbwa wa wachungaji wa Sivas

Tuchukue rasi moja inayojulikana vizuri, ile inayoitwa Kangal. Jina ni la mji mdogo wa Kangal katika jimbo la Sivas, nchini Uturuki. Ni fasi ya juu, yenye theluji na baridi kali miezi fulani, na jua kali miezi mingine. Watu wa kule wanafuga kondoo tangu zamani za mababu, na kondoo wao wana adui wa kweli: mbwa mwitu wanaotembea kwa kikundi, na dubu pia.

Dume la Kangal lina kilo 50 mpaka 66. Ukilipima kutoka chini mpaka mabegani, linafika sentimeta 76 mpaka 81. Jike ni dogo kidogo, kilo 41 mpaka 54. Mbwa wetu wa kijiji, yeye, mara nyingi ana kilo 15 mpaka 20. Manyoya ya Kangal ni ya rangi ya majani makavu, na uso wake ni mweusi, kana kwamba aliuingiza ndani ya sufuria yenye masizi. Shingoni wachungaji wanamvalisha mkufu wa chuma wenye misumari mirefu inayotazama nje, kwa sababu mbwa mwitu akishambulia anatafuta koo.

Mtu anayezalisha mbwa wa namna hii ana mapenzi ambayo jirani anaweza kuyaita wazimu. Ukimtembelea mzalishaji wa kweli, popote alipo, hataanza na bei. Ataanza na bibi wa mbwa. Atakuambia huyu jike alizaliwa na nani, ndugu zake walikuwa na miguu ya namna gani, yupi alikuwa mwoga, yupi aligusa kondoo kwa meno. Anaandika yote katika kaye. Hapandishi jike mbele ya kukomaa, hata kama wanunuzi wanangoja mlangoni na feza mkononi. Na kuko watu anaokataa kuwauzia.

Mimi ninaheshimu mapenzi hayo. Uzuri wa rasi kama Kangal ni uchaguzi uliofanywa na wachungaji, kizazi kwa kizazi. Mbwa aliyeuma kondoo hakuachwa azae. Aliyeacha kundi na kukimbiza sungura, yeye vilevile. Aliyelala na kondoo katika baridi, na asubuhi wote wakawa salama, watoto wake walitafutwa na majirani. Sisi tunajua kufanya vile kwa mbegu ya mahindi na ya maharagi. Kwa mbuzi, tuseme ukweli, bado tunaacha beberu yeyote apande, na mara nyingi aliye mzuri njo tunamuuza wa kwanza kwa sababu ana nyama. Lakini hilo ni somo lingine.

Kwa leo tukamate jambo moja: ukubwa wa Kangal una sababu, na sababu ni mbwa mwitu na dubu. Tutarudi pale.

Mbwa wa parseli na mbwa wa kundi

Watu wengi wanachanganya kazi mbili. Katika miji yetu, Lubumbashi kwa mfano, mtu mwenye nyumba nzuri anapenda kuweka mbwa mnene nyuma ya geti. Rasi moja ya kazi hiyo ni Boerboel ya Afrika Kusini. Ilizalishwa kulinda watu na mashamba yao, na katika miaka ya 1980 wapenzi wake walizunguka mashamba mengi wakitafuta mbwa waliofanana na wale wa wazee wao, kisha mwaka 1983 wakaunda shirika la kuwaandikisha. Ni mbwa mwenye nguvu na moyo. Lakini kazi aliyochaguliwa ni kulinda mwenye nyumba na eneo lake. Ukimtupa ndani ya zizi akiwa mkubwa tayari, asubuhi unaweza kuhesabu mizoga.

Mbwa wa kundi ana kazi nyingine. Yeye hachungi, hafukuzi mbuzi kwenda huku ao kule; hiyo ni kazi ya mchungaji. Anakaa tu kati yao. Anatembea nao, anapumzika wanapopumzika, na ukimwangalia mchana unaweza kusema huyu ni mvivu anayekula bure. Kikitokea kitu kigeni, anasimama kati ya kitu hicho na mbuzi, manyoya ya mgongo juu, anabweka kwa nguvu. Mara nyingi kazi inaishia pale. Mnyama anayewinda anategemea kutoonekana. Akishaonekana, anaenda kutafuta chakula fasi nyingine. Kupigana ni jambo la mwisho.

Bwana Raymond Coppinger na mke wake Lorna, wa Hampshire College katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuleta mbwa wa kundi kutoka Ulaya na Uturuki na kuwaweka kwa wafugaji wengi wa nchi yao. Waliwafuata miaka mingi. Waliona kwamba mbwa mzuri wa kundi ana tabia tatu: anashikamana na wanyama wake, hawaumizi, na anawatetea. Na waliona kwamba tabia hizo hazitoki kwenye damu peke yake. Mtoto wa mbwa mwenye wazazi wazuri kabisa, akilelewa jikoni na watoto wa nyumba, anakuwa mbwa wa jikoni. Utamweka na kondoo, atawaacha na kurudi nyumbani kutafuta watu wake.

Hata hilo halikuwa jipya kwa wachungaji. Mwaka 1833 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipita katika nchi ambayo leo ni Uruguay, kule Amerika ya Kusini. Alikuta kondoo wengi mbali na nyumba, wakilindwa na mbwa mmoja ao wawili bila mtu yeyote. Akauliza namna wanavyofanya. Wakamwambia kwamba mtoto wa mbwa anatolewa kwa mama yake akiwa mdogo sana, anapewa jike la kondoo amnyonyeshe mara 3 ao 4 kwa siku, anatengenezewa kitanda cha manyoya ya kondoo ndani ya zizi, na haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumba. Darwin hakusifu rasi yoyote pale. Alisifu malezi.

Mbwa 10 waliofika Namibia

Sasa tuje katika Afrika yetu. Nchini Namibia kuko duma wengi kuliko karibu nchi yoyote nyingine. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa kule waliua ao kukamata maelfu ya duma, kwa sababu walisema wanamaliza mbuzi, kondoo na ndama. Bi Laurie Marker, Mmarekani anayefanya utafiti juu ya duma, alianzisha mwaka 1990 shirika la Cheetah Conservation Fund, ambalo makao yake yako karibu na mji wa Otjiwarongo. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza wafugaji shida yao iko wapi. Akaelewa kwamba kumwambia mfugaji "usiue duma" bila kumpa njia nyingine ya kulinda mali yake ni kupoteza wakati.

Mwaka 1994 mbwa 10 wakatoka Marekani kwenda Namibia. Walikuwa wa rasi ya wachungaji wa Anatolia, ndugu wa Kangal, na walitolewa bure na wazalishaji wa rasi hiyo. Hapa njo ninaona mapenzi ya mzalishaji yakizaa kitu. Watu hao wangeweza kuuza mbwa wao kwa bei kubwa kwa wenye mabustani mazuri. Waliwatoa waende katika joto na miiba ya Namibia, kufanya kazi ambayo mababu wa mbwa wale walichaguliwa kuifanya.

Tangu pale mbwa mamia wamezaliwa kule na kupewa wafugaji. Watoto wanazaliwa karibu na mbuzi, wanaenda kwa mfugaji wakiwa na majuma kama 10, na mfugaji anafundishwa mbele ya kupokea. Mbwa anahasiwa. Watu wa shirika wanarudi kumtembelea, na wakikuta mbwa anateswa ao hapewi chakula, wanamchukua. Shirika linasema wafugaji wenye mbwa hawa wanaona hasara inashuka kwa asilimia 80 mpaka 100.

Angalieni vizuri mambo yaliyofanya kazi pale. Adui ni duma. Duma ana mbio, lakini ni mwepesi wa mwili na anaogopa jeraha, kwa sababu duma mwenye mguu uliovunjika hawezi kuwinda, atakufa njaa. Akiona mbwa mkubwa anabweka, anaondoka. Kwa chui, na zaidi kwa kikundi cha fisi, hesabu inabadilika; mbwa mmoja, hata wa kilo 60, anaweza kufa. Na wale mbwa wa Namibia hawakukosa shida. Wengine walikufa bado wadogo, kwa nyoka na kwa ajali. Wengine wakiwa vijana walicheza na watoto wa mbuzi kwa nguvu mpaka wakawaumiza, ao waliacha kundi na kukimbiza swala. Mfugaji mwenye subira aliwarudisha katika njia. Asiye na subira alipoteza mbwa.

Majirani wa Botswana walichagua mbwa wa kijiji

Kule Botswana, jirani ya Namibia, wafugaji wengi hawana uwezo wa kulisha mbwa wa kilo 60. Shirika la Cheetah Conservation Botswana, ambalo linafanya kazi katika eneo la Ghanzi, liliamua kutumia mbwa wa kienyeji, wale wanaoitwa mbwa wa Tswana. Ni mbwa wa kawaida kabisa, wembamba, rangi zote, kama hawa wanaolala chini ya gari la mahindi sokoni kwetu. Waliwalea ndani ya zizi tangu utoto, sawasawa na wale wa rasi.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha ulinganisho kati ya mbwa hao na mbwa wa rasi zilizotoka nje. Wale wa Tswana walionekana kuwafaa zaidi wafugaji wa kule. Bei yao ni ndogo, wamezoea joto, na tabia zao zilileta shida chache.

Kwa hiyo ninarudi kwenye swali la mkutano. Katika vijiji vyetu vingi, mbuzi wanaisha kwa njia gani? Mwizi wa usiku. Mbwa wazururaji wanaotembea kwa kikundi. Mbweha, fasi fulani. Karibu hawa wote wanataka kimya, na mbwa wa kilo 18 anayebweka kwa wakati wake anaharibu kimya sawa na wa kilo 60. Pale ambapo kuko chui ao fisi kweli, ukuta mzuri wa zizi, mlango unaofungwa, na mbwa wawili ao watatu pamoja vinasaidia kuliko jitu moja lililo peke yake. Maoni yangu kwa koperative zinazotusoma ni haya: msitoe feza ya wanamemba kununua mbwa mkubwa wa rasi. Chukueni kwa mzalishaji wa rasi ile akili yake, kaye yake na uchaguzi wake, na muanze na mbwa wa kijiji.

Hesabu ya chakula

Kuko mwanamemba atakayesema: mimi nitajitegemea, nina feza yangu, ninapenda mbwa mkubwa. Ni haki yake. Lakini afanye hesabu hii kwanza.

Mbwa wa kilo 50 anahitaji kila siku karibu gramu 700 za chakula kikavu, tukipima unga na vitu vingine mbele ya kutia maji. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 250, maana yake mifuko 5 ya kilo 50. Mbwa wa kilo 17 anatosheka na karibu nusu ya hapo. Na bugali peke yake haitoshi kwa mmoja wala kwa mwingine. Mbwa anataka protini: ndagala, damu na matumbo yaliyopikwa, maharagi yaliyoiva vizuri, vichwa vya samaki. Mbwa mwenye njaa haachi kundi kwa ubaya wake. Anaenda kutafuta, anajifunza kuiba mayai, na siku moja anaonja mtoto wa mbuzi.

Mbwa mkubwa ana hatari nyingine katika kukua. Watu wanafikiri ukimjaza chakula atakuwa mkubwa zaidi. Mifupa yake inakua haraka sana, na uzito ukitangulia mifupa, viungo vya nyonga vinaharibika. Unabaki na mbwa wa miaka 3 anayenyanyuka kwa shida sawa mzee. Mbavu zake ukizigusa kwa kidole lazima uzisikie. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, na usimkimbize baada ya kula: mbwa wenye kifua kirefu wanaweza kujaa hewa tumboni, tumbo likajipinda, na wakafa siku hiyohiyo. Tena maisha ya mbwa wakubwa kwa kawaida ni mafupi kuliko ya mbwa wadogo. Muuzaji mara nyingi hasemi hayo.

Kumlea ndani ya zizi

Hapa njo moyo wa somo, msomeane polepole.

Wakati mzuri ambapo mtoto wa mbwa anachagua ndugu zake ni kati ya juma la 3 na juma la 16. Kile anachokiona, anachonusa na kulala nacho wakati ule, atakihesabu kuwa ni familia yake maisha yote. Baada ya pale mlango unafungwa, si kabisa, lakini karibu. Ndiyo maana kununua mbwa mkubwa aliyekwisha kukomaa mjini, hata wa bei gani, ni bahati nasibu.

Mwachishe maziwa ya mama akiwa na majuma 8, si mbele. Siku hiyohiyo aingie katika zizi. Mtengenezee pembeni kibanda kidogo chenye uzio wa miti wenye tundu: yeye aweze kupita, mbuzi wakubwa wasiweze. Pale atajificha wakimpiga kwa pembe, na pale atakula bila mbuzi kumnyang'anya. Mweke mwanzoni na mbuzi wapole na watoto wao wachache, majike yanayomnusa bila kumponda. Mama mwenye mtoto wa jana usimchanganye naye bado.

Chakula chake kila siku apewe pale zizini. Nyumbani hapana, hata mara moja. Hili njo linavunjika mbele ya mengine yote, kwa sababu watoto wanampenda na mama jikoni anamwonea huruma. Mtoto wa mbwa aliyelia usiku wa kwanza akaingizwa ndani ya nyumba, huyo umeshampoteza kwa nusu. Wakati huohuo asiwe mnyama wa pori. Mwenye kundi amguse kila siku kwa dakika chache, amfungue kinywa, amshike miguu, amzoeze kamba, ili siku ya vaksini asiwaume watu. Kisha amwache arudi kwa mbuzi.

Akiwa na miezi 4 ao 5 aanze kutoka na kundi, pamoja na mchungaji, mwendo mfupi. Kati ya miezi 6 na mwaka mmoja mtegemee shida. Ni kijana. Atavuta masikio ya mbuzi, atapanda mgongoni mwao, atakimbiza kuku. Mkemee palepale kwa sauti kali, wakati kosa liko katika kinywa chake. Ukimpiga saa moja baadaye haelewi kitu. Akizidi, mfunge kigogo chepesi shingoni kinachogusa magoti, kwa siku chache, hatakimbia vizuri. Mweke na beberu mwenye hasira: mbuzi huyo atamfundisha adabu haraka kuliko wewe. Mbwa wa kundi anakomaa karibu na miaka miwili. Mbele ya pale usimwachie kundi peke yake.

Ahasiwe, dume ao jike, isipokuwa wale wachache ambao koperative imewachagua wazalishe. Dume lisilohasiwa linafuata majike ya kijiji cha ng'ambo, na usiku huo njo mwizi anapita.

Na asifungwe mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa mnyororo anajifunza kuchukia kila mtu anayepita, na hawezi kusogea kwenda kwa mbuzi. Ikiwa lazima kumzuia, afungiwe pamoja nao.

Vaksini, minyoo na majirani

Koperative inayotaka mbwa bila kutaka vaksini, afadhali ibaki bila mbwa. Kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi katika Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa. Mbuzi na ng'ombe nao wanakufa nacho. Mbwa apate vaksini akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, na veterinere aandike siku katika karatasi ambayo mwenye mbwa ataitunza. Ili ugonjwa usisambae katika kijiji, inatakiwa mbwa 70 kwa 100 wawe na vaksini, kwa hiyo haitoshi kuchanja wale wa wanamemba tu. Ongeeni na shefu wa kijiji, mfanye siku moja kwa mbwa wote.

Mtu akiumwa na mbwa, hata kidogo, hata na mbwa wa nyumbani: osheni kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15, palepale, kisha mbio kituo cha afya akapate vaksini. Msiweke majani, msiweke mafuta, msingoje mbwa afe.

Dawa ya minyoo mbwa wa zizi apewe kila miezi 3. Maini na mapafu yenye malengelenge, siku ya kuchinja, yachomwe ao yazikwe chini sana; mbwa akiyala mabichi anapata tegu, na mayai ya tegu yanarudi kwa mbuzi na kwa watoto wetu kupitia majani na mikono.

Kila mbwa awe na mwenye wake, mtu mmoja mwenye jina. "Mbwa wa koperative" ni mbwa ambaye hakuna anayempikia Jumapili. Koperative inaweza kulipa vaksini na kutunza kaye, lakini nyumba moja njo inajibu akila ao akiuma. Na majirani waambiwe mapema. Mama anayepita karibu na zizi alfajiri akienda shambani apite kwanza mara mbili tatu pamoja na mwenye mbuzi, mbwa amjue.

Kumchagua mtoto

Mkisikia jike fulani la kijiji limezaa, msiende kuchukua mtoto mnene kuliko wote. Mwangalieni kwanza mama: akipita kati ya mbuzi, wanakimbia ao wanaendelea kula? Kisha, watoto wakiwa na majuma 7, waleteni mmojammoja mbele ya mbuzi jike mpole. Anayebweka na kumrukia, mwacheni. Anayetetemeka na kujikojolea, mwacheni pia. Yule anayesogea polepole, mkia chini, anamlamba mbuzi mdomo, na akisukumwa kwa kichwa analala chali na kungoja, huyo njo mtachukua. Andikeni siku aliyozaliwa, jina la mama yake na rangi yake katika ukurasa wa kwanza wa kaye mpya. Koperative ambazo zitakuwa na watoto wa mbwa tayari mbele ya kampeni ya vaksini zipeleke hesabu kwa veterinere wa eneo, ili dozi zisipungue.